Kabla Maji ya Uji Hayajachemka: Maneno ya Kumuaga Dresa Anania Mlowe

Mheshimiwa Mtwa, chifu wetu, nawe Bwana Mkuu wa Wilaya, uliyetoka Njombe alfajiri na sakitu ikiwa bado nyeupe majanini, Baba Mchungaji, Mwenyekiti wa Kamati ya Dispensari Bwana Nikodemo, wazee wa kanisa wenzangu, akina mama, wakata magome ya miwati mlioacha mapanga yenu kwa ajili ya leo, na wewe, dresa wetu Anania Mlowe, mganga wa dispensari hii unayestaafu, ambaye nimekutaja mwisho kwa kuwa maneno yangu yote yanakuja kwako: kamwene! Bwana Yesu asifiwe.

Hamjambo? Mmeamkaje na baridi hii ya Juni? Magoti yanasemaje? Vidole je? Msicheke. Leo swali hili si la adabu tu, na mtakapotoka hapa mtajua kwa nini nimeanza nalo.

Kwanza naomba radhi. Barua ya mwaliko ilisema saa mbili, na sasa ni saa nne. Bwana Mkuu wa Wilaya, nimekuona ukitazama saa yako mara mbili, na mara ya tatu ukaitikisa kama iliyosimama. Saa yako ni nzima. Wapishi hawana kosa, wala wanakwaya hawana kosa. Mimi ndiye niliyeomba tuchelewe, na sababu nitaitoa mwisho, maana nikiitoa sasa haitaeleweka.

Kwa wageni wasionijua, mimi ni Methusela Nyagawa, nyapara wa wakata magome. Shule yangu ni darasa la nne, tena la nne lenyewe sikulimaliza vizuri. Nimepewa kusema si kwa elimu. Nimepewa kwa sababu katika nyumba yangu mwenyewe Dresa Anania amekuta karibu maumivu yote ya viungo anayoyajua, na moja katika hayo lilikuwa langu, nami nililipata kwa makosa yangu.

Ndugu zangu, sisi watu wa nyanda hizi tuna jina moja kwa kila kinachouma kwenye kiungo. Tunasema ni baridi. Bibi anachechemea, ni baridi. Mtoto hawezi kukunja mguu, ni baridi. Na kwa kuwa jina ni moja, dawa nayo tukaifanya moja: mwenye vidonge amgawie asiye navyo, tena tuhesabu kuwa ni wema. Nani hapa hajawahi kumpa jirani kidonge chake? Nyosheni mikono. Mnaona? Hakuna hata mmoja, na Mtwa mwenyewe anacheka.

Mwaka wa arobaini na tisa, mke wangu Yudita alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mwenye nguvu, mkulima. Ghafla akaanza kuamka mikono imefungwa. Hawezi kufunga kanga. Hawezi kushika mwiko. Mimi na marehemu mama yangu Fidelia tukaanza kumtazama kwa jicho baya, kwa sababu ikifika saa nne alikuwa anaweza, na jioni anaweza zaidi. Mama akasema, "Ugonjwa gani huu unaojua saa za kazi? Huyu anakwepa kuamka."

Siku moja wageni wa kanisa walilala kwetu. Asubuhi Yudita akainua chungu cha uji, chungu kizuri cha Wakisi kilichopandishwa mlimani kutoka ziwani. Mikono ikakataa. Chungu kikaanguka mbele ya wageni, uji ukatapakaa hadi kwenye viatu vya mwinjilisti. Nami, badala ya kumuuliza mke wangu kama ameungua, niliuliza habari za chungu.

Nawaambia haya mbele ya Mchungaji, na yeye Yudita ameniruhusu. Juma lile nilikata shauri kumrudisha kwao Lupembe. Nilimfungia mzigo wake mwenyewe. Nikampeleka kungoja lori, na lori, kama mnavyojua, husimama mbele ya dispensari hii.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi pale. Fundo la mzigo likalegea, akajaribu kulikaza, akashindwa. Dresa Anania alikuwa anatoka kumwaga maji machafu. Akasimama na beseni lake mkononi, akamtazama. Hakumuuliza, "Unaumwa nini?" Alimwuliza hivi:

"Mama, ukiinjika maji ya uji asubuhi, vidole vyako hufunguka kabla hayajachemka, au baada?"

Yudita akasema, "Baada, baba. Uji unaiva, unanywewa, vyombo vinaoshwa, ng'ombe wanatolewa zizini, bado. Mpaka jua liingie mlangoni."

"Mkono mmoja au yote miwili?"

"Yote. Kama mapacha."

Akaweka beseni chini. Akashika mikono ile, akabonyeza vifundo vya mwanzo wa vidole, kimoja kimoja, kisha viwiko vya mkono, polepole kama mtu anayepapasa mayai. Vilikuwa vimevimba, vya moto kidogo, huku na huku sawasawa. Halafu akaniita mimi niliyekuwa nimesimama mbali kama mwenye mbuzi sokoni.

"Mzee Methusela, njoo ushike hapa. Huu uvimbe, mvivu anaupata wapi?"

Nikashika. Sikuwa nimewahi kuishika mikono ile tangu iugue.

Dereva akapiga honi. Nikasema, "Dresa, lori linaondoka."

Akasema, "Liondoke."

Likaondoka, ndugu zangu. Na hii ndiyo sababu leo nina mke.

Akatufundisha palepale ngazini. Kwamba ugonjwa huu ni baridi yabisi yenyewe, ile kali, ambayo mwili unajichoma wenyewe kwenye viungo. Hauletwi na maji baridi, wala na mkono wa mtu. Kwamba hana dawa ya kuuondoa, ila anayo ya kuutuliza: aspirini, mara kadhaa kwa siku, kila siku, siyo siku ya maumivu tu, na daima tumboni pakiwa na kitu. "Masikio yakianza kulia kama mzinga wa nyuki," akasema, "ujue zimezidi, uje nipunguze. Choo kikiwa cheusi kama lami, acha zote na uje siku hiyohiyo." Tukaenda hadi hospitali ya misheni, na daktari Mzungu, baada ya kumpima sana, akaandika barua fupi: dresa wenu ameona sawasawa. Barua hiyo ninayo ndani ya Biblia yangu. Mwanzoni niliiweka humo isipotee. Sasa inakaa humo kwa kuwa najivunia.

Basi mama yangu aliposikia mkwewe anapewa vidonge vingi, naye akaja na goti lake. "Na mimi ni hivyo hivyo!"

Anania akamwuliza, "Bibi, maji ya uji yakichemka, wewe uko wapi?"

"Niko shambani zamani! Mimi si mwanamke wa kulala."

"Na goti linauma saa ngapi?"

"Jioni, nikishuka na kuni."

"Basi, Bibi, la kwako silo lile. Hili limechakaa kwa kazi, kama bawaba ya mlango." Akaweka kiganja juu ya goti, akamwambia alikunje, wote tukasikia likikwaruza. Akampa fimbo, akamwonyesha kuishika mkono wa upande wa pili wa goti bovu, akamkataza kushuka mteremko na mzigo kichwani, akamwambia alikande kwa kitambaa cha maji ya moto, na kidonge ameze siku mbaya tu. Mama alikasirika mwaka mzima. "Mimi mkubwa wa nyumba ndiye mwenye vidonge vichache?" Lakini fimbo aliishika, akatembea nayo kwenda kanisani hadi Bwana alipomwita.

Sasa nafika kwangu. Mchungaji, nilishaungama kwako habari hii, ila nakuomba utazame dirishani kidogo.

Ilikuwa Kwaresima ya mwaka wa hamsini na tatu, mvua zimekolea, mianzi inatoa. Mnajua inatoa nini. Mimi nilisema ulanzi wangu ni mtamu bado, haujachacha kuwa pombe. Niliusema hivyo kila jioni. Asubuhi moja nikaamka kidole gumba cha mguu kimekuwa chekundu, kinang'aa, na hata shuka likikigusa nalia. Nyapara mzima! Nikaona haya kwenda kwa Dresa. Nikafanya nini? Nikafungua kopo la vidonge vya mke wangu. Nikasema moyoni, baridi ni baridi.

Kwa majuma mawili nilikula vidonge vya Yudita, na kidole hakikupona. Kopo likaisha kabla ya siku zake. Siku ya Pasaka nikamwona Yudita kanisani hawezi kushika kitabu cha nyimbo. Ameshikiwa na jirani.

Jumatatu yake Dresa Anania akaja nyumbani. Akafungua kopo, akatazama ndani, akamwuliza, "Mama, masikio yanalia?"

"Hayalii."

"Kwa vidonge vilivyotoka humu, yangelia hadi Njombe wakasikia. Nani anavila?"

Mimi nimekaa, mguu juu ya kigoda. Akanigeukia taratibu, akatazama kidole, akasema, "Mzee wa kanisa, ulanzi wa mwaka huu nasikia ni mzuri?"

"Ni mtamu bado," nikasema.

"Kidole kimesema umechacha."

Hilo lilikuwa jongo. Akanieleza kuwa kuna chumvichumvi inayobaki damuni na kuganda kwenye kiungo kama vioo vilivyosagwa, na pombe na nyama nyingi huiongeza, na kwamba aspirini kidogokidogo niliyokuwa naiiba huenda ilizidi kuizuia isitoke. Akaagiza hospitali vidonge vingine vidogo, kolkisini, kwa hesabu kali, akisema tumbo likianza kuharisha niache mara moja. Liliharisha. Njia ya chooni niliijua kuliko njia ya shambani. Lakini siku ya tatu nilivaa kiatu. Ulanzi nimeuacha, na Mchungaji sasa unaweza kugeuka.

Kosa langu lile halikuwa la wizi wa vidonge tu. Nilimnyang'anya mke wangu asubuhi zake. Dresa hakunipigia kelele. Alinipa kopo tupu, akasema, "Wewe ndiye utakayelileta kila Jumatatu. Na kila Jumatatu utanijibu, uji ulichemka vidole vikiwa wapi." Nimelileta miaka minne. Nimekuwa mume wa kuamka kabla ya mke wangu nitazame mikono yake. Wengine walinicheka, "Nyapara anapika uji!" Ndiyo, napika. Uji wangu hauna mabonge.

Liko pia jambo moja ambalo kwalo huyu mtu hakuuliza habari za uji hata kidogo. Mwaka wa hamsini na tano binti mdogo wa Oktavia, yule pale kwenye benchi la mbele, aliletwa na goti moja tu, la moto, limejaa, na homa kali, hataki liguswe. Bibi zake walikuwa tayari na mafuta ya kuchua. Anania alisema, "Msichue! Hili lina usaha ndani." Akasimamisha lori la magome, akampakia saa ileile kwenda hospitali, na huko mtoto akachomwa sindano za penisilini siku nyingi. Leo yuko darasa la pili, na kwa mbio anawashinda kaka zake. Simama, mwanangu, wakuone magoti. Asante, kaa.

Magazeti yanasema Ulaya kuna dawa mpya ya ajabu kwa viungo. Nilimwuliza. Akajibu, "Nimesoma, sijaiona, na nasikia nayo ina madhara yake. Mpaka ifike, tuitumie vizuri tuliyo nayo." Ni msomi gani angesema vizuri zaidi? Mtu wa mafunzo ya miaka miwili, mwenye kabati moja la dawa na beseni la bati, alitenganisha maumivu ambayo sisi sote tuliyafunga fundo moja. Nasimama kwa kiburi, Mungu anisamehe, kuwa yeye ni wa kwetu.

Na kuna mwingine. Tabea, binti wa Kikinga kutoka Tandala, amekaa kando ya Dresa kama msaidizi miaka sita. Ameshika magoti yetu, anajua kuuliza habari ya uji. Bwana Nikodemo, barua yetu tuliyoileta Jumapili iliyopita inaomba jambo moja: Jumatatu ya viungo, siku ya kuwapima wenye maumivu haya, isife Anania anapostaafu, na Tabea aiendeshe. Dresa mpya atakapokuja atakuwa na kazi nyingi, nasi hatumlaumu. Lakini bila Tabea kopo la Yudita litajazwa na mtu asiyeuliza, na kopo linalojazwa bila swali nimeshawaonyesha linavyokwisha.

Sasa nitoe sababu ya kuchelewa. Watu walichanga tumnunulie Dresa zawadi. Yudita akasema, "Zawadi ni chungu, na nitakibeba mimi." Nikamwambia, "Mama, sherehe ni saa mbili." Akasema, "Basi iwe saa nne. Saa mbili mikono yangu haijafika." Asubuhi ya leo nilipika uji, ukachemka, ukanywewa, tukangoja jua liingie mlangoni.

Jua limeingia. Yudita, njoo.

Ndugu wageni, tafadhali msimsaidie. Ni chungu cha Wakisi, kimejaa maharage hadi shingoni, na ni kizito. Akina mama, vigelegele baadaye, mpisheni njia kwanza. Hivyo hivyo. Dresa, kaa, usimwendee, mwache akufikie.

Amefika.

Mnikubalie nifute macho. Dresa Anania, Bwana akulinde wewe na nyumba yako. Nawashukuru nyote kwa kukaa kwenye baridi hii na kunisikiliza mpaka mwisho. Na Bwana Nikodemo, Yudita anauliza, nami nauliza pamoja naye: kopo lake litakwisha Jumatatu ijayo. Tafadhali tujibuni kabla ya siku hiyo.