Aliyeitazama Bahari Akiwa Mtumba: Maisha ya Debora Chilewa

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu na majirani wa Miyuji, mimi ni Sostenes, mdogo wake marehemu anayemfuata, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu.

Debora Yohana Chilewa alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Kibakwe, wilayani Mpwapwa, akiwa mtoto wa pili wa mzee Yohana Chilewa na mama Paskazia, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, akaendelea na sekondari mjini Dodoma, na mwaka 2003 akahitimu shahada ya fizikia Dar es Salaam, ambako ndiko alikoiona bahari kwa mara ya kwanza, ingawa hadi anatutoka hakuwahi kujua kuogelea.

Oktoba 2004 aliajiriwa serikalini katika kitengo cha kufuatilia mawimbi na mikondo ya bahari, tarehe 9 Desemba 2006 akafunga ndoa na shemeji yetu William, wakajaliwa watoto wawili, Erick na Sabina, na mwaka 2019 ofisi ilipohamia Mtumba, kwenye mji wa serikali hapa Dodoma, wakaja kuishi hapa Miyuji. Wengi mlimtania kwamba analinda bahari kutoka nchi kavu, lakini kazi yake ilikuwa hiyo kweli, kwani maboya yenye vipimo, yaliyotiwa nanga mbali kidogo na pwani, yalituma kila nusu saa urefu wa mawimbi na kasi ya mkondo hadi kwenye kompyuta yake, naye akiona hatari huwapigia simu wavuvi.

Kuna jambo ambalo dada mwenyewe alitaka lisomwe leo, nasi tunatimiza. Asubuhi ya tarehe 8 Agosti 2020, saa mbili kamili, boya moja lilionyesha mawimbi ya mita tatu na nusu, na kwa kuwa lilikuwa limekosea mara mbili wiki ile, akasubiri vipimo vya saa mbili na nusu, vikaja vilevile, akampigia Mzee Mbaruku, msimamizi wa wavuvi, akajibiwa, "Mama, mashua imetoka robo saa iliyopita." Mashua hiyo ilipinduliwa na mawimbi, wavuvi sita wakaokolewa, lakini wa saba, Abubakari, hakuonekana tena.

Wiki iliyofuata Debora alipanda basi hadi pwani, akaketi mbele ya Asma, mjane wa Abubakari, akamwambia, "Namba nilikuwa nazo, nikasubiri." Asma akauliza, "Na zikija tena?" Debora akajibu, "Nitapiga hapo hapo."

Tangu siku ile hakusubiri tena, na mara nyingine bahari ilitulia, wavuvi wakamlaumu kwa kuwapotezea siku, naye akawaomba radhi, na hatari ilipoonekana tena akapiga tena. Asma yupo nasi hapa, alifika jana.

Februari 2023 Debora aligundulika kuwa na saratani ya matiti, akatibiwa Dodoma na Dar es Salaam, akaendelea na kazi hadi Januari mwaka huu, na tarehe 2 Mei 2025, saa kumi alasiri, akafariki akiwa na miaka 46, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliopika na kulala nasi matangani, na wafanyakazi wenzake, ambao wamekuja wote isipokuwa mmoja, aliyebaki ofisini kuangalia vipimo vya leo, nasi tunamshukuru huyo kuliko wote.

Pumzika sasa, Debora, pumzika kwa amani.