Begi Limefika, Mama Mkwe Hajafika

Kijiwe chenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matairi mawili ya lori, pembeni mwa banda la fundi pancha, mkabala na saluni ya kinyozi. Mama Kahawa ameweka jiko lake hapo kwa akili zake timamu: wanaume wale wakibishana koo hukauka, na koo zikikauka birika linaisha mapema. Fundi Pancha, Kinyozi na Mzee Mstaafu ndio wenyeji wa ubao. Wanajua dawa ya kila ugonjwa na sababu ya kila ajali, ingawa sijasikia ajali hata moja iliyotokea wakiwa wamesimama. Asubuhi hiyo walikuwa wanasubiri kwa hamu, maana Upepo, dereva wao wa bodaboda, alikuwa ametangaza mtaa mzima kwamba anakwenda stendi kumpokea mama mkwe wake.

Upepo aliwasili huku anaongea.

— ...kwa hiyo, mama, ondoa shaka. Mimba ya mwanao imekua, mimi naelewa. Lakini gari la kukodi la nini? Nitamfuata mwenyewe huko kwako, nimlete hapa mjini ajifungue karibu na hospitali. Nitambeba kama yai. Si umeona nilivyokuja mdogo mdogo?

Akasimamisha pikipiki mbele ya ubao, kifua mbele.

— Wazee, shikamooni. Mama, hawa ndio wenzangu.

Fundi Pancha alikuwa na tairi mapajani, mdomo wazi.

— Upepo, unaongea na nani?

— Na mama mkwe.

— Mama mkwe yupi?

Upepo akageuka. Mgongoni alikuwa ameegemewa na begi, lile begi kubwa la mama alilolifunga Upepo mwenyewe kwa mpira, katikati ya siti. Mama ndiye aliyetaka likae hapo, liwatenganishe, kwa sababu mama mkwe mwenye heshima zake hamgandi mkwe mgongoni. Nyuma ya begi hapakuwa na mtu.

Alitazama upande wa kushoto, akatazama upande wa kulia, halafu, sijui kwa nini, akainama akachungulia chini ya pikipiki.

— Alikuwepo hapa! Jamani, alikuwepo!

— Kunywa kahawa kwanza, akasema Mzee Mstaafu.

— Kahawa gani, mzee? Nimepoteza mama wa watu!

Akakanyaga kiki. Pikipiki ikakohoa, ikazima. Akakanyaga tena. Fundi Pancha akaruka, akashika usukani.

— Huendi popote katika hali hiyo. Ukirudi kwa mbio hizo, utamkuta barabarani umkanyage wewe mwenyewe.

— Tulia, akasema Kinyozi, mashine ya kunyolea mkononi, mteja wake amemwacha kwenye kiti, kanyolewa nusu kichwa. — Kwa uzoefu wangu, huyo hajaanguka. Ameshuka.

— Ameshuka vipi na mimi naendesha?

— Si unasema ulikuja mdogo mdogo? Kaona duka, kashuka, kaenda zake. Wanawake wana mambo.

— Na aache begi? akauliza Mama Kahawa.

Mzee Mstaafu akajikuna kidevu. Alifanya kazi kwenye ghala la forodha miaka mingi, basi kila kitu kwake ni mzigo.

— Sikilizeni. Mzigo ukirushwa na tuta, kama lile kubwa la pale konani, unakwenda juu. Ukiwa juu, pikipiki nayo inaendelea mbele. Huyu mama karushwa juu, akashuka, akaikuta siti ya mtu mwingine imefika chini yake.

— Siti ya nani?

— Ya bodaboda nyingine! Si zinafuatana pale? Makoti yenu ni hayo hayo, helmeti ni hizo hizo. Sasa hivi anapelekwa nyumbani kwa mtu asiyemjua, na anadhani ni mkwe wake.

— Mzee, wewe unaumwa, akasema Kinyozi.

— Kuna wakwe wengi huko nje.

— Mimi nina swali, akasema Fundi Pancha, bado kang'ang'ania usukani. — Una hakika alipanda?

— Fundi!

— Nauliza. Ulifunga begi. Ulimwona akipanda?

Upepo akafumba macho ili akumbuke. Aliona stendi. Aliona mama amekaa upande, miguu yote pamoja, gauni lake refu halimruhusu kukaa vingine. Mkono mmoja umeshika mtandio, wa pili umeshika pembe ya begi kwa vidole viwili. Abiria mwingine yeyote angemwambia: mama, kaa ukitazama mbele, weka miguu kwenye vikanyagio, nishike kiunoni, sitaki lawama. Kila siku huwaambia, na asiyetaka humshusha. Lakini huyu alikuwa mama mkwe. Neno kiunoni lilifika kooni, likakwama hapo. Aliona haya, akawasha pikipiki.

— Alipanda, akasema taratibu. — Alipanda, na nilikuwa namsikia nyuma. Nilikuwa nikimwambia jambo, anaitikia. Anaguna, mm, mm.

Wote wakalitazama begi.

— Begi limeguna? akauliza Kinyozi kwa sauti ndogo.

— Labda kuna kuku ndani, akasema Mzee Mstaafu.

— Au si mtu wa kawaida, akasema Fundi Pancha, akauachia usukani na kurudi nyuma. — Nimesikia wapo. Anapanda, unamwona kabisa, mkifika...

— Nyie wanaume! Mama Kahawa alilipiga jiko kwa kijiko, wote wakaruka. — Mtu kaanguka barabarani! Mama wa watu! Magari yanapita pale! Na hii ni nini hii?

Alikuwa ananyooshea kidole usukani. Helmeti ya abiria ilikuwa inaning'inia pale, safi, haina hata chembe ya vumbi.

— Ilikuwa inamharibia mtandio, akasema Upepo.

— Kwa hiyo hana kitu kichwani.

Hapo ndipo Upepo alipovua helmeti yake, na hapo ndipo uoga ulipomwingia hasa. Masikio yalipofunguka, dunia ilikuwa na makelele yote yale: honi, mashine ya kinyozi, watoto wanaoitana. Njia nzima yeye alikuwa anasikia sauti yake mwenyewe tu, ndani ya ile plastiki, na injini iliyokuwa inaguna. Akawaza mke wake. Atamwambia nini? Mama yako nimemwangusha, sijui wapi, nilikuwa namwahidi kukutunza wewe. Machozi yakamtoka mbele za watu wazima.

— Twendeni kwa miguu, akasema. — Wote. Tugawane barabara.

Kijiwe kizima kikainuka, jambo ambalo mtaa ule haujawahi kuliona. Hawakufika mbali.

Kutoka kwenye kona ya lile tuta kubwa alikuwa anakuja mama mtu mzima, anachechemea, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Upande mmoja wa gauni ulikuwa mweupe kwa vumbi kuanzia bega hadi pindo. Kiwiko kilikuwa kinavuja damu. Mtandio, wallahi, ulikuwa umekaa sawasawa.

— Mama! Upepo akamkimbilia, akasimama hatua moja mbele yake, hajui amshike wapi. — Mama, pole! Samahani sana, mama! Umeumia?

— Nimeumia, mkwe wangu. Lakini nipo.

— Mama, sikujua...

— Nilikuita. Nilikuita nikiwa nyuma yako, nikakuita nikiwa chini. Ulikuwa unaniahidi mambo mazuri tu.

Mama Kahawa alishamfikia, akamshika mkono, akamketisha kwenye ubao na kuanza kumwosha kiwiko kwa maji ya birika la pili. Wanaume walisimama mbele yake wamejipanga, Kinyozi na mashine yake bado inaunguruma hewani. Mama aliwatazama mmoja mmoja, akamaliza kwa Upepo. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha Upepo zaidi.

— Nimekuja ili nikuone unavyobeba watu, akasema. — Mwanangu anataka kurudi kwako, nami sina kinyongo. Ila nataka unijibu jambo moja tu, mkwe wangu. Nikikupa umpakie na tumbo lake lile, akianguka, utajua ukifika wapi?

Upepo akamtazama Fundi Pancha, Fundi akatazama tairi. Kinyozi akazima mashine. Mzee Mstaafu, mwenye jibu la kila jambo, akaomba kahawa, na Mama Kahawa hakumsikia.

Mama akapandisha mguu uliokuwa unamuuma juu ya ubao, akaunyoosha vizuri, akaendelea kusubiri jibu.