Tone Tano za Papa Aloys

Marehemu Papa Aloys Namegabe alizaliwa Walungu mwaka 1911, wa kwanza kati ya watoto wawili. Mimi Anaclet ninayesoma wasifu huu ndiye wa pili. Munivumilie, sauti yangu leo haiko sawa.

Alisoma shule ya misioni hadi mwaka wa tano. Hesabu aliipenda kuliko misa, Mungu amusamehe.

Mwaka 1934 aliingia kazi ya kupima mizigo bandarini hapa Bukavu, akapewa mita ya mbao. "Urefu mara upana mara kimo," aliimba siku nzima. Mwaka 1936 alimuoa maman Séraphine, na siku ya arusi alipima kwanza sanduku lake la nguo.

"Aloys, unanioa mimi ao sanduku?" maman aliuliza.

"Nyote wawili. Lakini sanduku inakula nafasi zaidi."

Sasa nifike pale ninapoona haya. Bandarini, neno "tone" liko na maana mbili: tone ya mizani, kilo elfu moja, na tone ya nafasi, mètre cube moja, yaani mita moja kila upande. Aprili 1955 Papa Aloys alishikwa na homa, akanituma mimi, musaidizi wake. Wakulima wa Walungu walileta maua makavu ya pareto, tone tano za mizani. Maua ni mepesi lakini yanajaza: yalihitaji mètre cube ishirini na tano. Mimi, kwa haraka, nikaandika "tone 5", basi, bila kusema ni tone gani. Ku meli wakayawekea mètre cube tano tu. Magunia yaliyobaki yakanyeshewa siku tatu, yakaoza. Jasho la musimu muzima la watu wa kwetu!

Chef wa hangari, ghala ya bandari, akauliza, "Nani aliandika?"

Papa Aloys, bado anatetemeka na homa, akajibu, "Ni mimi niliandika, Musiyé."

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nikanyamaza. Wakamunyanganya mita, wakamupa ufagio. Mita wakanipa mimi, na nikaipokea, jamani, kwa mikono miwili. Nyumbani aliniambia, "Acha tu, Anaclet. Uko na watoto wadogo." Nikaacha, miaka mitatu. Watu walimuita "Tone Tano" hata mulangoni mwa kanisa, na mimi nilicheka pamoja nao.

Mwezi wa Mei mwaka huu kifua kilimushika, vumbi ya hangari ikakizidisha. Alifariki nyumbani, Muhumba, tarehe 9 Novemba 1958, maman Séraphine akimushika mukono. Juzi nilimusomea maman wasifu huu bila habari ya pareto. Akanirudishia karatasi.

"Andika yote, ao usisome."

Basi, watu wa Walungu, ninyi mulioko hapa: Tone Tano ni mimi. Jina hilo mumuvue yeye, munivike mimi.

Jana fundi aliomba kipimo cha jeneza. Nilipima mara tatu. Mita yenyewe inaingia naye kaburini, kwani ni yake.

Anaacha mujane, maman Séraphine. Watoto wawili, Raphaël na Adèle. Na mudogo wake, aliyechelewa kusema.

Mukubwa wangu, Mungu akupe amani niliyokunyima. Ni mimi niliandika.