Évariste Cirimwami, Mhandisi wa Fimbo Nyekundu

Padiri, wazee, majirani na ndugu mliofika hapa Ibanda, familia inawaomba msikilize maisha ya mpendwa wetu, na mtuwie radhi sauti ikipanda, maana hasira tuliyo nayo leo hatutaificha mbele ya jeneza.

Évariste Cirimwami alizaliwa Lwiro tarehe 14 Machi 1940, mtoto wa tatu wa mkulima Adalbert na mama Eulalie, akasoma shule ya msingi kwa mapadri, akamaliza sekondari Bukavu mwaka 1960, akapata shahada ya uhandisi wa ujenzi Kinshasa mwaka 1967, kisha akarudi kwao kufanya kazi katika idara ya barabara, wakati wenzake wengi walibaki kule kwenye lami.

Tarehe 3 Agosti 1968 alifunga ndoa na Godelive M'Bagalwa, mwalimu, wakajaliwa Lucien, Colette na Françoise, majina ya Kizungu ambayo serikali iliyapiga marufuku mwaka 1972, lakini nyumbani kwake hayakuacha kuitwa hata siku moja.

Mwaka 1975 alianza masomo ya juu ya uhandisi wa usafiri, kwa njia ya posta, na chuo kikuu kimoja cha Ubelgiji, akisomea kwenye meza ileile ambapo mkewe alisahihisha kazi za wanafunzi, na vitabu vilifika vimechelewa, vimelowa, vimejaa habari za taa za njia panda, huku majirani wakimtania, "Papa Évariste, mvi iko inatoka, na ungali unasoma tu?" Naye alicheka, akaendelea kusoma. Maprofesa walimtaka aandike juu ya njia panda za mjini, akakataa katakata, akaandika juu ya mlima wa kushukia Sange, ambapo barabara ni nyembamba, gari moja haliwezi kupisha jingine, na malori yalikuwa yakikutana katikati na kuanguka korongoni. Mwaka 1979 walimpa diploma yake kwa sifa.

Dawa aliyoipata ilikuwa rahisi: magari yashuke kwa kundi, la mwisho lipewe fimbo nyekundu, na mlinzi wa chini asifungulie wanaopanda mpaka fimbo hiyo iwe mkononi mwake, na mlinzi wa juu, akishaitoa fimbo, asimruhusu mtu yeyote kushuka mpaka irudi kwake, hata awe nani. Idara ikaifanya sheria mwaka 1980, na kwa miaka mitatu hakufa mtu mlimani.

Tarehe 27 Septemba 1983, fimbo ikiwa imeshafika chini, na Évariste akiwa anapanda na kundi la kwanza, mkuu wake wa kazi alifika kizuizi cha juu na jeep, ana haraka ya karamu, akaamuru afunguliwe. Mlinzi Polycarpe alimkatalia, "Chef, fimbo iko chini, magari iko inapanda," mkuu akamjibu, "Fimbo ni ya madereva, miye niko chef," akatuma askari wake wakainua wenyewe mti wa kizuizi. Walikutana kwenye kona. Dereva wa Évariste alikwepa, gari lao likaporomoka, dereva akatoka na majeraha madogo, na mkuu akashuka kwenye jeep bila hata mkwaruzo. Mkuu huyo ndiye aliyeifahamu sheria ile kuliko wengi, maana aliitia sahihi.

Mpendwa wetu alilala hospitalini wiki tatu, kifua kimevunjika, akiuliza kila asubuhi kama Polycarpe ameachiliwa, maana mkuu alimtupa gerezani kwa kosa la mkuu mwenyewe, na tarehe 18 Oktoba akakata roho, mkewe amemshika mkono, jibu hakulipata.

Tunawashukuru madaktari na masista waliohangaika naye, majirani waliopika na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake waliotoa damu, na tunamshukuru Polycarpe, ambaye yuko gerezani mpaka saa hii tunapozika.

Mkuu ametuletea gari jeusi la kubebea jeneza, liko pale langoni, mmeliona wote. Mama Godelive amekataa. Vijana, sogeeni, tutambeba mabegani hadi makaburini, na gari hilo lirudi tupu lilikotoka.

Évariste wetu, wewe pumzika kwa amani, sisi bado hatujatulia.