Obeid Aliyebaki Kwenye Lori

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko muliko? Sogezeni redio, bibi yenu ana kitendawili. Nimemwazima mwenzangu mdomo anisemee, amekula nao. Tegueni polepole. Leo twamkumbuka Bwana Obeid wa Kiwayu, fundi wa mashua, tuliyemzika Ijumaa iliyopita.

Obeid alivua kwa unyoya. Ndiyo, kwa unyoya. Ujanani aliwahi kumpeleka mgeni wa Kizungu kuvua, na mgeni alipoondoka akamwachia ufito mwembamba na mshipi wake. Obeid akafunga manyoya ya jogoo kwenye ndoana. Aliurusha mshipi nyuma, akaurusha mbele, unyoya ukatua majini kama mdudu aliyechoka. Watu walimcheka, wakasema samaki wa Kiwayu hawali kuku. Wakala.

Mwaka wa hamsini na sita, Obeid alitaka kumposa Tima, binti wa Bwana Husseini wa Mokowe. Na ada zetu mwazijua: mposaji hajisemei. Humtuma mshenga. Obeid akamchagua Athman, rafiki aliyekua naye, wakila sinia moja tangu utoto. Wakapanga safari. Wavuke hadi Mokowe, wapande lori la mwenzao Barka, wakavue kwenye hori, mkono wa bahari uingiao huko bara. Wakirudi, wapite kwa Bwana Husseini na samaki wa kubishia hodi.

Barka yu hai, ndiye aliyenisimulia. Anasema ndia nzima ilikuwa kucheka na kusukuma lori mchangani. Huko horini Athman naye akataka kurusha, ndoana ikanasa kofia yake mwenyewe, kofia nzuri ya kushonwa kwa mkono. Obeid akaketi, akaitoa ndoana uzi kwa uzi, asiiharibu kofia ya rafiki. Kisha akavua kolekole wa kubebwa kwa mikono miwili.

Waliporudi Mokowe, Athman aliingia kwa Bwana Husseini na kofia ile kichwani na samaki yule mikononi. Obeid alibaki kwenye lori, kama ada itakavyo. Alisikia wakicheka ndani. Akafurahi, maskini. Athman akatoka ananukia kahawa, akasema mzee amepokea samaki, ila la binti wangoje.

Wakangoja. Obeid akaanza kuchonga kitanda cha arusi.

Ndipo Bi Esha, aliyekuwa akialika nyumba kwa nyumba, alipofika mlangoni kwa mamake Obeid. Alikuja kuwaalika arusi. Arusi ya Athman na Tima.

Hadia, dadake Obeid, ananiambia hivi: "Kaka aliweka tezo chini, akaniuliza kanzu yake i wapi."

Alikwenda arusini, wasikilizaji wapendwa. Kualikwa ni kualikwa. Akaketi kwenye sinia pamoja na watu, na Bwana Husseini, kwa furaha yake, akaanza kuwasifia wageni mkwe wake. Akasema kijana huyu alimletea kolekole aliyemvua kwa unyoya, kwa mkono wake mwenyewe. Mkono wa Obeid ukasimama juu ya pilau. Akamtazama Athman. Athman akaiweka sawa kofia yake.

Miaka ikapita, Obeid akamtaka Bi Nana, mkewe aliye edani leo. Alikwenda kuposa peke yake, bila mshenga. Baba mtu akakasirika, akamuuliza, "Huna wendani wewe?"

Obeid akajibu, "Ninao. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Walikaa vyema na Bi Nana. Kitanda kile hakukimaliza, wala hakumtuma tena mtu kumsemea.

Ijumaa, kabla ya kumswalia, mwanawe Mahmud alisimama kama tufanyavyo, akawaomba watu: aliyekosewa na baba yetu, amsamehe. Safu zikajibu, tumemsamehe. Barka anasema sauti iliyopanda kuliko zote ilitoka safu ya mbele. Ilikuwa ya Athman.

Kitendawili mmekitegua. Bi Nana, Hadia, Mahmud na jamaa wote wa Kiwayu, twawapa mkono wa tanzia. Mola amlaze Obeid pema.

Nawe unisikilizaye, uliyewahi kutumwa na mwenzako ukamsemee, mtafute angali anasikia. Mazikoni aliye hai huombwa amsamehe maiti. Maiti haulizwi kama amekusamehe wewe.