Hakunipiga Hata Kofi

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, fundi cherehani mmoja alikuwa akimsimulia mzee aliyeketi naye jinsi ndoa yake ilivyovunjika.

"Miaka sita, baba, mume wangu hakunipiga hata kofi. Lakini akitoka ananifungia mlango kwa nje, simu yangu anayo yeye, na kwa mama yangu nilikatazwa kwenda."

"Huo ni wivu tu, mwanangu," mzee akasema. "Ukatili ni kupigwa. Wenye wivu wakianza kushtakiwa, nani atabaki uraiani?"

Mimi, ninayekagua simu ya mke wangu, nikatazama dirishani.

"Wifi yangu ndiye aliyevunja kufuli," fundi akaendelea. "Akanisindikiza mahakamani, akatoa ushahidi dhidi ya kaka yake. Hakimu akasema huo nao ni ukatili wa nyumbani. Namshukuru mama mkwe: tumbo lile lile lilizaa aliyenifungia na aliyenifungulia."

"Sawa, lakini bila kofi…"

Basi likasimama. Fundi akainuka akicheka. "Kituo changu tumeshakipita, baba. Nitarudi kwa miguu, taratibu. Nashukuru, siku hizi hakuna anayenihesabia dakika."