Ba-Mulumba Ni Batu Ngapi

Priscille, niegemeze kwa ukuta. Ghislain, funga ile redio, juu ya leo nitasema mara moja tu, sina nguvu ya kurudilia. Na wewe Patson, mukwe yangu, kaa pale kwa mulango, ugeuke inje kama desturi yenu ya Babemba inataka, mukwe asitazame mama ya muke yake. Minajua masikio yako inafika, na maneno hii inakugusa wewe kupita batoto ya tumbo yangu.

Asubui ule mama wa dispanseri alinipima, akakunja vyombo yake mbele hajamaliza, nikaelewa. Siogopi. Mutu asilie mbele sijamaliza, kelele itanipotezea njia.

Bwato ya kule kisiwa ya Chisenga na nyavu yake ni ya Ghislain, alishaifanyia kazi, hakuna kesi. Nyumba hii ni yenu wawili na haiuzwi. Frigo kubwa ya soko ni ya Priscille, na juu ya ile frigo njo niliomba mukae wote hapa.

Jana nilibasikia kule jikoni, Priscille na bwana yako. Priscille ataanza kuuza samaki ya barafu kule soko ya Kabuta, na biashara itaandikwa kwa numero ya kodi ya Patson, juu yeye ni mwalimu, tayari iko nayo, na juu kanisani munafundishwa kama bwana na muke ni mwili mumoja. Pasteri anasema kweli, lakini pasteri hafanyi kazi kwa biro ya kodi.

Musikie namna mimi niliteleza. Baba yenu Mulumba alikuwaka dereva, analipwa kila mwezi, na kodi ya mushahara yake inakatwa kule kule kwa kazi mbele franga haijafika kwa mukono yake, hana karatasi ya kujaza, hana maneno na mutu. Mimi nilitoka Pweto, ngambo ya ziwa, na Kiswahili yetu tu, Kibemba ilikuwa haijaingia kwa kinywa yangu. Nikafungua meza ya samaki hapa Kashikishi. Siku ya kuandikisha kule biro ya kodi, karani akaniuliza, biashara ni ya nani. Nikajibu, ya ba-Mulumba. Kwetu ngambo, ukisema ba-Mulumba ni batu ya nyumba ya Mulumba, mimi na yeye pamoja. Karani alikuwa Mubemba, na kwa Kibemba ba-Mulumba ni muzee mumoja mwenye heshima. Akaandika Mulumba, mwanaume, akatafuta numero ya kodi yenye alipewa kwa kazi, akafunga kitabu. Hata alinisifu, akasema mama uko na adabu. Nilirudi na furaha.

Miaka tatu kila kilo ya samaki niliuza ilikuwa inaanguka kwa kichwa ya Mulumba, na yeye hajui. Hata miezi ile serikali inafunga ziwa ili samaki izae, biro ilikuwa inangojea aandike kusema mwezi hii hakuna kitu iliuzwa, na yeye iko barabarani anaendesha motokari ya batu. Siku moja barua ikafika kwa kazi yake, mbele ya mukubwa yake: uko na mapato ya pili, hukuisema, lipa kodi na faini. Alirudi na ile barua kwa mukono, hakupiga kelele, akaniuliza tu, Mama Priscille, ulinificha nini?

Nikaenda biro, balinieleza ile kosa ya ba-Mulumba mpaka mimi mwenyewe nikacheka. Nilipofika nyumbani nikaona haya, nikamwambia karani alikosea. Sikusema kama ni kinywa yangu. Hakuniamini, na alikufaka akifikiri nilimuficha makusudi. Ile inaniuma kupita hii ugonjwa ya tumbo.

Kisha matanga, ndugu yake Eddy akavuka ziwa, akachukua ile karatasi ya kuandikisha biashara. Ilisema mufanyabiashara ni Mulumba peke yake, basi meza, mizani na sanduku ya barafu ikaenda ngambo. Sikuwa na kitu ya kuonyesha. Eddy akikuja kunizika, mumupe kiti na chakula, asiguse frigo.

Njo nikaenda kutafuta numero yangu. Binti mumoja pale biro, Beauty, akauliza jina. Nikasema Mama Priscille. Akasema hapana, mama, ya kwako. Nikasema muke ya Mulumba. Akaweka kalamu chini, akangoja. Batoto yangu, nilikaa pale nikitafuta jina yangu mwenyewe.

Ule binti alinifundisha muzuri. Serikali ya huku haina kodi ya ndoa. Bwana iko na ya mushahara, muke iko na ya mauzo yake, na pete haifanyi numero mbili kuwa moja. Patson, naona mabega yako inashuka. Sisemi uko mwizi. Lakini ukikufa wewe mbele, ndugu zako batakuja na karatasi kama Eddy. Mushahara yako iache vile iko. Priscille achukue numero yake, kwa jina yake, na kila mwezi apeleke ripoti, hata ziwa ikifungwa. Samaki munakula nyumbani musiandike kwa ripoti kama ilioza. Karo ya batoto musiiandike kama gharama ya barafu. Na kila mwezi mukae wawili, muonyeshane yote. Mimi nilinyamaza, njo nyumba yangu ikapasuka.

Maji kidogo. Hapana, inatosha.

Kesho ni Jumatatu. Hata kama nitakuwa nimeenda, Priscille apitie biro kwanza. Batu batasema. Mimi nitangoja, sina haraka.

Mungu aweke mukono kwa kazi yenu. Awape kuzeeka pamoja, na musikilizane... Ghislain, usiingie maji na hasira. Nimebabariki wote, na ule pale mulangoni pia.

Munilaze pembeni ya Mulumba, karibu, nimuelezee ile neno mimi mwenyewe. Lakini musalaba iwe mbili. Musiandike ba-Mulumba... batu batapita, batahesabu mumoja. Wala Mama Priscille. Mbili, munasikia... na yangu iandikwe kama ile karatasi ya biro... Clémentine.